Siku Niliyotuma Chakula kwa Waya

Kwiiii, halafu krrr, halafu tak. Kisha kimya. Ndivyo ilivyolia, na hata leo nikiwa naosha vyombo na mtu apite barabarani na mkokoteni wenye gurudumu bovu, ule mlio unanirudia na najikuta nimekumbatia sufuria kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuporwa. Nimeombwa kusimulia mkasa huu mara nyingi, kwenye harusi, kwenye chama cha akina mama, hata siku moja kwa daktari wa meno pale Nyeri mjini (alikuwa ameshausikia, akataka kuusikia kutoka kwa mwenyewe, na mimi nimefunguliwa mdomo, nitasema nini?), na kila mara nilikuwa nakataa kwa aibu. Sasa nimechoka kukataa. Afadhali niuseme mwenyewe vile ulivyokuwa, kwa sababu wale wanaousimulia huko Giakanja wameuongezea chumvi mpaka ati na mimi nilikuwa nimejifunga kwa waya.

Jina langu ni Wairimu, lakini kazini wananiita Shiru. Shule niliacha kidato cha kwanza karo ilipotushinda, nikauza mandazi Ruring'u kwa muda, nikalea mtoto wa dada yangu, halafu nikapata kazi ya kupikia vijana wanaovuna miti. Kiwanda kimoja cha majani chai huku kwetu upande wa Tetu kina msitu wake wa mikaratusi, kuni za kukaushia chai, na nusu ya hiyo miti iko kwa mteremko ambao ukidondosha kiazi juu utakiokota chini kikiwa kimejimenya. Trekta haiwezi kuingia huko. Ikiingia inachimba udongo wote uende na mvua, na lazima kwanza uichongee barabara. Kwa hivyo bosi wetu, Ndirangu, akaenda akakodi winchi.

Kwa mtu ambaye hajaiona: fikiria kamba ya kuanika nguo, lakini ya chuma. Imefungwa juu barabarani kwa mnara wa winchi, inapita juu ya korongo, inafungwa ng'ambo kwa visiki vikubwa. Juu ya huo waya kunatembea kitoroli chenye magurudumu mawili (wao wanayaita roda), kinateremka chenyewe kwa uzito wake mpaka chini, vijana wanafunga magogo kwa minyororo, halafu winchi inakivuta kirudi juu na gogo linaning'inia kama mguu wa mbuzi kwa bucha. Linapita juu kabisa ya korongo, halikwaruzi hata jani. Siku ya kwanza kuona hiyo kitu niliunguza maharagwe.

Aliyekuwa anaendesha winchi anaitwa Kanyi, lakini sisi sote tunamwita Rubani, kwa sababu anakaa kwenye kiti chake juu na vile vifaa vya kuziba masikio, anavuta gia huku na huku, na haongei na mtu. Kuna wasichana wanaoota harusi na gari jeupe lenye riboni. Mimi nilikuwa naota kile kiti. Nilikuwa nikikoroga ugali navuta mwiko kama gia, naachilia, navuta, mpaka vijana wakanizoea. Na Rubani alikuwa ameniahidi. Alisema, "Shiru, hii mashine ikibaki huku, nitakufundisha. Ikirudi Eldoret kwa mwenyewe, utafundishwa na mwiko."

Ikibaki. Hapo ndipo kulikuwa na shida. Bosi Ndirangu alikuwa na wimbo mmoja tu kuanzia asubuhi mpaka jioni, nao ni gharama. Winchi ilikuwa ya kukodi, unailipia ikivuta na unailipia ikilala. "Hiyo mashine inakula hata ikiwa imefunga mdomo," alikuwa anatuambia. Na adui yake mkubwa kuliko mvua na kuliko bei ya dizeli alikuwa ni chakula cha mchana. Vijana wa chini walikuwa wanapanda mteremko wote waje kula juu kwangu, wanafika miguu inatetemeka, wanakula, wanalala kidogo, wanashuka tena, na wakati huo wote winchi imekaa kimya na Ndirangu anaiangalia kama mtu anayeangalia maziwa yakimwagika.

Basi kiwanda kikasema kitatuma wageni waje waone siku nzima ya kazi. Watahesabu magogo yanayopanda, wapige hesabu ya mafuta na watu na kukodi, walinganishe na trekta inayofanya kazi ridge ya pili, ule mgongo wa kilima jirani, waone gogo la nani linafika barabarani kwa bei nafuu. Gogo letu likiwa nafuu, tunapewa mteremko mwingine na mwingine. Likiwa ghali, winchi inapanda lori inaenda, na sisi sote tunaenda nyumbani. Bosi alitueleza hayo akiwa amevua kofia, nikajua ni mambo mazito, kwa sababu Ndirangu havui kofia hata akiombewa.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Jua lilitoka mapema mpaka tukaona Mlima Kenya wote na theluji yake, kitu ambacho kwetu ukikiona unajua siku itaenda vizuri (nilijiambia hivyo, mimi). Wageni wakafika: Madam meneja, akiwa na gamubuti mpya zinazong'aa, na wazee wawili wa kamati ya wakulima. Cucu Wangechi, yule nyanya anayekaa ng'ambo ya korongo, alikuwa ameshaniletea maziwa ya chai kama kila siku, amejifunika blanketi lake la kijivu lenye mistari myekundu, akawasalimia wageni wote kwa mkono kama ni yeye aliyewaalika, akarudi kwake. Winchi ikaanza. Magogo yakaanza kupanda, moja baada ya lingine, mpaka nikawa naona Ndirangu anatabasamu, na mimi nikipika mukimo moyo wangu unaimba.

Nilipika mukimo wa nguvu. Viazi, mahindi, majani ya malenge, vyote vimepondwa pamoja, sufuria kubwa mpaka pomoni. Na kwa sababu ya wageni nikapika nyama ya mchuzi, yenye dhania, kwenye sufuria ndogo.

Karibu na saa ya kula wageni walikuwa wameshuka chini kuona vijana wakifunga magogo, na bosi yuko nao. Akanipigia simu. "Shiru, leta chakula huku chini. Leo hakuna kupanda. Nataka wakule hapa hapa, waendelee na kazi."

"Sawa bosi."

Nikaangalia sufuria. Nikaangalia ile njia ya kushuka, inayozunguka zunguka kama mtu aliyepoteza funguo. Nikafikiria kuibeba kwa mgongo, polepole, mpaka nifike chini mukimo umepoa (huku kwetu chakula kinapoa ukikiangalia tu). Halafu kitoroli kikafika juu na gogo, likafunguliwa, na kikakaa hapo mbele yangu tupu, tayari kuteremka. Kitupu! Kinaenda huko huko ninakoenda mimi!

Huo ndio uamuzi mdogo ulioleta mkasa wote. Nawaambia kwa kweli sikuuona kama uamuzi. Niliuona kama akili. Nilijiambia, Shiru, leo bosi ataona kwamba mpishi wake anaelewa gharama.

Nikachukua leso ya mama, ile ya maua mekundu na manjano, ambayo nilikuwa nimeibeba niivae mbele ya wageni. Nikaweka sufuria ndogo ya mchuzi juu ya ile kubwa ya mukimo. Ili visipoe nikavifunika vyote na shali ya mtoto wa dada yangu, nyeupe, yenye shada shada pembeni, ambayo naitumia kila siku kufunika chakula kwa sababu inashika joto kuliko gazeti. Halafu nikafunga na leso. Na mimi kufunga nilikowahi kujua maishani ni kumoja tu: unapitisha chini, unaleta juu, unakaza, unafunga fundo kifuani, na zile ncha mbili unaziacha zikining'inia. Nikaning'iniza kwa ndoano.

Rubani akatoa kifaa cha sikio kimoja. "We, hii ni mashine ya magogo, si ya mukimo."

"Bosi amesema chakula kishuke."

"Amesema kishuke kwa waya?"

"Amesema hakuna kupoteza wakati. Kwani wewe unaona njia gani fupi kuliko hiyo?"

Akafikiria. Yeye pia alikuwa na njaa, na alijua bakuli lake liko kwangu. "Umefunga vizuri?"

"Nimefunga kama mtoto."

"Basi hataanguka," akasema, akarudisha kifaa chake, akaachilia breki.

Kikaenda vizuri! Kilikuwa kinateleza taratibu, kinapita juu ya vilele vya miti, na mimi nikasimama na mikono kiunoni nikiwa na raha ambayo siwezi kueleza. Nikageuka kutoa bakuli la Rubani. Ndipo nikasikia kwiiii, halafu krrr, halafu tak.

Zile ncha mbili za leso, nilizoziacha zikining'inia kwa upepo, ziliingia kwa roda. Roda ikazila, ikazimeza, ikakwama. Lakini wakati huo mimi sikujua. Kutoka kule juu kitoroli kilikuwa kimepita nundu ya mteremko na siwezi kukiona tena, nilisikia tu huo mlio, na nikaona waya unatikisika. Nikajiambia, imefika.

Ng'ambo, Cucu Wangechi alikuwa anapalilia viazi. Yeye aliona vizuri sana. Aliinua kichwa akaona, katikati ya korongo, juu angani, kitu kimefungwa na leso ya maua, kimefunikwa na shali nyeupe ya mtoto, kina mwili mnene na kichwa kidogo cha mviringo, kinabembea.

"Uuuuui! Uuuui! Mtoto! Kuna mtoto kwa waya!"

Huku kwetu mwanamke akipiga ule ukemi hakuna anayeuliza kwanza. Watu waliacha majembe. Walitoka kwa mashamba, walitoka kwa kukamua, fundi mmoja alitoka na kipande cha mlango, wote wakimiminika korongoni. Kule chini Ndirangu na wageni wakainua macho, na jua likiwa nyuma ya ile kitu hawakuona sufuria, waliona mtoto. Simu yangu ikalia.

"Shiru! Kuna mtoto kwa waya! Mwambie Rubani azime! Azime!"

Sasa hapa ndipo marafiki zangu wananicheka kuliko mahali pengine popote. Kwa sababu mimi, mwenye kufunga, mwenye leso, mwenye mukimo, sikushuku hata kidogo. Niliamini. Niliona akilini mtoto wa mtu amepanda kisiki akashika waya, na nikapiga kelele kuliko Cucu. Nikamrushia Rubani mwiko ndio anione. Akazima. Nikamwambia kuna mtoto, akageuka rangi. Halafu nikaanza kukimbia ile njia ya kuzunguka, nalia, machozi na makamasi, naomba Mungu, nimepoteza kiatu kimoja kwa matope, na njiani nilikuwa nafikiria mama yake atajisikiaje.

Nikafika. Watu walikuwa wengi kama wa mazishi. Cucu Wangechi alikuwa amevua blanketi lake na kulitandaza, na limeshikwa kila upande: Ndirangu, vijana wetu, wale wazee wawili wa kamati, na Madam meneja amepiga magoti kwenye matope na zile gamubuti zake, ameshika kona kwa mikono miwili. Wanawake wanaomba kwa sauti. Bosi alikuwa na simu katikati ya bega na sikio, anamwambia Rubani alegeze waya mkuu polepole, polepole kabisa, ili mtoto ashuke. Na Rubani huko juu alikuwa anaulegeza kwa mkono wa mtu anayeshika yai.

Nikainua macho.

Nikaona maua mekundu na manjano.

Nilitamani ardhi inimeze, nilitamani hata lile gogo la mwisho linipitie. Lakini watu wanalia, jamani. Mzee mmoja wa kamati machozi yalikuwa yanamtoka. Nikasogea karibu na Cucu nikamwambia kwa sauti ndogo, "Cucu, hiyo ni mimi nimefunga."

Akageuka. "Ati?"

"Ni mimi nimefunga hapo. Lakini..."

"Ni wewe?" Na sauti yake si ndogo. "Ni Shiru! Ni Shiru amefunga mtoto kwa waya!"

Watu wote wakanigeukia. Hata wale wanaoomba waliacha katikati.

"Na nilikuwa najiuliza," Cucu akasema, "huyu msichana mbona ananona hivi, kumbe ameficha! Na vile nilikuwa nakuletea maziwa kila asubuhi! Mama gani anaweka damu yake kwa waya?"

"Shiru," bosi akaniuliza, bado ameshika blanketi, na alikuwa anauliza kwa dhati kabisa, "wewe ulizaa lini?"

"Si mtoto, bosi! Ni mukimo!"

Halafu mama mmoja nisiyemjua akanikumbatia akaanza kunipapasa mgongo. "Pole mama. Pole. Ni uchungu umeshika kichwa. Atashuka salama." Na mwingine akasema tena, "Msimgombeze, wengine wakijifungua peke yao wanachanganyikiwa." Nikawa nalia na kusema mukimo, mukimo, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyonihurumia. Hapo tone la mchuzi likatoka juu likaanguka kwa mkono wa Cucu, akaangalia juu akasema kwa huruma, "Maskini, amejikojolea kwa woga."

Na Madam meneja, ambaye tone lingine lilimwangukia mdomoni, nilimwona akikunja uso. Akalamba. Akaniangalia. Mpaka leo nafikiri yeye ndiye aliyejua wa kwanza, ni vile tu hakuwa na pa kuanzia.

Kraaa. Leso ya mama ikachanika.

Ile kitu ilianguka si mbali sana, Rubani alikuwa ameishusha karibu vichwani, lakini watu walipiga kelele utafikiri imetoka mbinguni. Ikatua katikati ya blanketi, pwaa, blanketi likazama mpaka chini, walioshika wakavutwa wakagongana vichwa, sufuria ya mchuzi ikabingirika ikammwagikia Ndirangu kwa suruali. Lakini hakuna aliyeangalia hiyo. Wote walikuwa wanaangalia shali. Imetulia. Hailii.

Cucu Wangechi akapiga magoti. Akafunua kona moja ya shali kwa vidole viwili, vile unavyofunua kumwona mtoto mgeni usimwamshe. Mvuke ukatoka.

Akafunua kidogo tena. Akakaa chini.

"Ni mukimo," akasema.

Kijana mmoja wa kwetu ndiye aliyeanza kucheka, na akajaribu kukizuia kicheko kikatoka kwa pua. Halafu yule mzee aliyekuwa analia. Halafu Madam, mpaka akakaa kwenye matope kabisa, akaacha kujali. Korongo lote likacheka, watu wanaegemeana, na mtu akapaza sauti nyuma, "Na amefanana na babake, ni kiazi kabisa!" Mimi nilikuwa nimejifunika uso na mikono, nikichungulia kwa vidole.

Cucu peke yake hakucheka. Nikaenda nikachuchumaa karibu naye, nikamwambia nisamehe. Akapangusa macho na kiganja.

"Nilikuwa nimeshampa jina," akasema.

"Jina gani, cucu?"

"Langu." Akaingiza mkono kwa blanketi akachota mukimo, akaonja, akatafuna polepole watu wote wakimngoja. "Chumvi ni kidogo," akasema, na hapo ndipo akacheka, kicheko chembamba kama cha msichana.

Na mukimo ukaliwa. Mngefanya nini, ulikuwa moto na watu walikuwa na njaa. Waliuzunguka hapo hapo kwa blanketi wakachota kwa mikono, majirani, wageni, kamati, yule fundi na mlango wake, na mama aliyekuwa ananipapasa mgongo akaniambia ati sasa nikizaa kweli nimwite.

Lakini bosi Ndirangu hakula. Alikuwa amesimama kando na suruali yenye dhania, anaangalia juu kwa kitoroli ambacho kilikuwa kimetafuna leso na hakiendi mbele wala nyuma. Rubani alishuka na koleo, akapanda ngazi, akatoa uzi kwa uzi. Ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Na ng'ambo kwenye ridge ya pili tulikuwa tunasikia trekta, trrr, trrr, inavuta tu. Mashine yetu imelala, inakula. Kila dakika ya hiyo siku ilikuwa ya kuhesabiwa, na mimi nilikuwa nimeimwaga yote kwa blanketi. Nilitaka bosi anigombeze. Hakunigombeza. Hilo ndilo liliniuma, kwa sababu mtu anayeimba gharama siku zote akinyamaza unajua imemfika.

Jioni Madam alimwita. Nilikuwa naosha sufuria karibu, nikaosha bila kupiga kelele. Akamwambia, "Bwana Ndirangu, asubuhi magogo yalikuwa yanapanda vizuri. Mchana sijui niseme nini. Nikienda kwa kiwanda nieleze kwamba waya ni ghali kwa sababu ya mukimo, nitaulizwa maswali. Leo tuiache. Tutarudi siku nyingine, tuanze upya."

"Asante Madam," bosi akasema. Halafu akaongeza bila kugeuka, "Na chakula kitashuka kwa miguu."

"Kwa miguu," nikasema mimi kutoka kwa sufuria.

Walirudi. Siku hiyo niliamka nyota zikiwa bado juu, nikapika, nikabeba kwa mgongo na mkanda kwa kipaji cha uso kama nyanya zetu, nikawa chini nimeketi na chakula kabla gogo la kwanza halijapanda. Nilikalia hiyo sufuria kama kuku. Winchi haikulala, na hesabu ilipopigwa gogo la waya likatoka nafuu kuliko la trekta, si kwa mbali sana, na ile barabara ya kuchongea trekta ilipowekwa kwa hesabu ndiyo ilitubeba. Tukapewa miteremko mingine. Winchi iko hapa hadi leo. Bosi ametengeneza kisanduku cha chuma chenye mfuniko na pini, na siku hizi chakula kinashuka kwa waya kila mchana, vijana hawapandi tena (Ndirangu anasema ni akili yake, mimi nanyamaza). Wao wanakiita kitanda cha mtoto. Na Rubani alishika ahadi, ila somo la kwanza lilikuwa kufunga. Nifunge gogo na mnyororo, yeye afungue, nifunge tena, hakuna ncha inayoning'inia, mpaka vidole vikaota sugu. Sasa ananiachia kiti asubuhi kabla ya watu kuwa wengi. Nimevuta magogo kadhaa. Hakuna hata moja lililopiga kelele ya mtoto.

Lakini kuna kitu kilitangulia hayo yote, na sikukisema kwa mtu.

Jumapili baada ya mkasa, watu wakiwa kanisani, nilichukua lile blanketi la Cucu nimrudishie. Nilikuwa nimeenda nalo nyumbani siku ile likiwa limegandwa na viazi. Nililiosha mtoni mara mbili, nikalianika, mvua ikalinyeshea, nikaliosha tena, mpaka ile mistari myekundu ikatoka vizuri. Nilifika juu barabarani nikasimama chini ya mnara. Winchi imefunikwa turubai, kitoroli kimefungwa hapo, waya umenyooka mpaka ng'ambo karibu na mlango wa Cucu kabisa. Niliuangalia kidogo. Nikaapa hapo peke yangu kwamba sitawahi tena kumfungia mtu kitu nikisema nimefunga kama mtoto.

Halafu nikalikunja blanketi, nikaliweka mgongoni, nikalifunga na kile kipande cha leso ya mama kilichobaki: chini, juu, nikakaza, fundo kifuani. Zile ncha nikazisokomeza ndani vizuri. Nikaanza kushuka ile njia ya kuzunguka kwa miguu, polepole, kwa sababu kulikuwa na utelezi, na nilipofika katikati ya korongo, pale chini ya waya, hakuna mtu wa kuniona, mkono wangu ukarudi nyuma wenyewe na nikalipapasa, pa, pa, pa, lilale.